Dawa za presha na chakula: ule nini, uache nini, umeze saa ngapi (mwongozo kamili)

Hakuna kitu kinaitwa orodha moja ya vyakula vilivyokatazwa kwa mtu mwenye presha. Najua umeshazipata hizo orodha, zinazunguka kwenye simu kila siku, usile ndizi, usile parachichi, halafu kesho yake mtu mwingine anakutumia ya kwake inasema kula ndizi mbili kwa siku presha itashuka. Na cha ajabu wote wawili wanaweza kuwa sahihi, maana inategemea anayekula anameza dawa gani na figo zake zina hali gani. Ndizi ina potasiamu, madini ambayo baadhi ya dawa za presha zinayatoa mwilini na nyingine zinayabakiza, kwa hiyo ndizi ile ile inayomfaa mtu wa hydrochlorothiazide inaweza kumletea balaa mtu anayemeza lisinopril na spironolactone huku figo zake zimeshachoka. Kwa hiyo hapa hatuanzi na chakula, tunaanza na boksi la dawa.

Jambo moja kabla hatujaendelea: usiache dawa wala usipunguze dozi kwa sababu ya kitu ulichosoma hapa au popote. Ukikuta dawa yako na chakula unachopenda havipatani, kinachokaa pembeni kwanza ni chakula, dawa utaongea na daktari au mfamasia. Kuna dawa za presha ukizikata ghafla presha inaruka juu kwa kasi, clonidine ndo mbaya zaidi kwa hilo, na zile zinazoishia na "lol" zikikatwa ghafla zinaweza kumletea mgonjwa wa moyo maumivu ya kifua.

HATUA YA 1: Soma jina halisi la dawa

Kwenye boksi kuna majina mawili. Kubwa lenye rangi ni la kampuni, na dogo chini yake ndo jina la dawa yenyewe, hilo dogo ndo tunalolitaka. Majina ya dawa nayaandika kama yalivyo kwenye boksi ili uweze kulinganisha herufi kwa herufi. Angalia jina linaishia na nini:

- pril (captopril, enalapril, lisinopril, ramipril, perindopril)
- sartan (losartan, valsartan, telmisartan, candesartan)
- dipine (amlodipine, nifedipine, felodipine), na jirani zao verapamil na diltiazem
- lol (atenolol, metoprolol, propranolol, bisoprolol, carvedilol, nadolol)
- dawa za kukojosha zinazopoteza potasiamu: hydrochlorothiazide, bendroflumethiazide, chlorthalidone, indapamide, furosemide
- dawa za kukojosha zinazobakiza potasiamu: spironolactone, eplerenone, amiloride, triamterene

Sasa angalia vizuri, siku hizi kidonge kimoja kinaweza kuwa na dawa mbili au tatu ndani yake, kwa mfano losartan na hydrochlorothiazide, au amlodipine na valsartan, au perindopril na indapamide. Mtu anakwambia "mi natumia kidonge kimoja tu" kumbe anatumia tatu. Soma yote yaliyoandikwa, yaandike kwenye karatasi au piga picha ya boksi ikae kwenye simu.

HATUA YA 2: Jua figo zako zinasemaje

Hii hatua watu wengi wanairuka, halafu ndo yenye uzito kuliko zote. Muulize daktari matokeo ya vipimo viwili vya damu: kreatinini, ambayo inaonyesha figo zinachuja vipi, na potasiamu. Potasiamu ya kawaida kwenye damu iko kati ya 3.5 na 5.0 hivi, kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Ikivuka 6 moyo unaweza kuanza kudunda ovyo, na mara nyingi mwenyewe hasikii chochote mpaka mambo yameshaharibika. Ikishuka chini ya 3 pia moyo unasumbua, pamoja na misuli kukaza na mwili kuishiwa nguvu.

Kama umeanzishiwa dawa ya pril au sartan, au dozi imepandishwa, damu inatakiwa ipimwe tena ndani ya wiki chache. Hawajakupima? Uliza, wala si kumsumbua daktari. Mtu mwenye kisukari, mzee, au mwenye ugonjwa wa figo au moyo ndo kabisa asikubali kupita miezi mingi bila hicho kipimo.

HATUA YA 3: Panga saa ya kumeza na mlo wako

Watu wanagombana sana kuhusu asubuhi au usiku. Uingereza walifanya utafiti mkubwa wa watu zaidi ya 21,000, unaitwa TIME, matokeo yakatoka 2022, na waliokuwa wanameza asubuhi na waliokuwa wanameza jioni hawakutofautiana kwa viharusi, mshtuko wa moyo wala vifo. Kwa hiyo chagua saa ambayo hutasahau, basi. Ila dawa za kukojosha meza asubuhi, vinginevyo usiku mzima ni safari za chooni, na mzee anayeamka gizani mara nne ndo anayeanguka na kuvunjika nyonga.

Kuhusu tumbo tupu au tumbo lenye chakula, hapa dawa zinatofautiana kweli:

Captopril inataka tumbo tupu, saa 1 kabla ya kula, maana chakula kinapunguza kiasi kinachoingia kwenye damu kwa theluthi moja hivi. Perindopril nayo meza kabla ya chakula, asubuhi. Lakini lisinopril, enalapril, losartan na amlodipine hazijali, meza umekula au hujala.

Carvedilol meza pamoja na chakula, inaingia polepole na kizunguzungu cha kusimama kinapungua. Metoprolol na propranolol chakula kinaongeza kiasi kinachoingia, kwa hiyo cha muhimu hapa ni kutobadilisha badilisha, kama unameza baada ya kula basi iwe hivyo kila siku, sio leo umeshiba kesho una njaa halafu unashangaa mbona presha inapanda na kushuka. Spironolactone ni hivyo hivyo, meza na chakula siku zote. Furosemide ni kinyume, chakula kinaipunguza, inafanya kazi vizuri zaidi kabla ya kula. Felodipine inataka tumbo tupu au mlo mwepesi usio na mafuta mengi.

Na vidonge vya nifedipine au felodipine vya kutoa dawa kidogo kidogo, usivitafune, usivisage ukachanganya na uji au maziwa kumrahisishia mzee. Dawa ya siku nzima itaingia mara moja na presha itadondoka. Baadhi ya nifedipine za aina hiyo zina ganda ambalo haliyeyuki, utaliona kwenye choo ukadhani dawa imetoka nzima, usiogope, dawa imeshatoka ndani ya ganda.

HATUA YA 4: Balungi (grapefruit), hili lina hadithi yake

Mwaka 1989 watafiti wa Canada, wakiongozwa na David Bailey, walikuwa wanachunguza kama pombe inaathiri felodipine. Ili wanaojaribiwa wasijue nani kapewa pombe na nani hakupewa, wakaficha ladha yake kwa juisi ya balungi. Majibu yalipotoka, dawa kwenye damu ilikuwa juu kuliko ilivyotarajiwa kwa wote, waliokunywa pombe na wasiokunywa. Mwenye kosa alikuwa juisi. Mwaka 1991 wakachapisha kwenye jarida la Lancet kwamba kiasi cha felodipine kinachoingia mwilini kinafika karibu mara tatu ya kile cha mtu aliyemeza kwa maji.

Inatokeaje? Kwenye ukuta wa utumbo kuna enzimu inayokatakata sehemu ya dawa kabla haijafika kwenye damu, na waliotengeneza dawa walishapiga hesabu ya hicho kinachopotea. Balungi lina kemikali inayoiua hiyo enzimu, haiilevyi kwa muda, inaiua, mpaka utumbo utengeneze nyingine. Hiyo inachukua siku 1 mpaka 3. Ndo maana ule ujanja wa "nitakula balungi asubuhi, dawa nitameza usiku" haukusaidii kitu. Tunda zima linafanya hivyo, juisi inafanya hivyo, na glasi moja tu inatosha.

Sasa ni nani anatakiwa aliache? Wa felodipine, aliache kabisa. Wa nifedipine pia. Wa verapamil pia aliache. Wa amlodipine ni tofauti, kwa sababu amlodipine hata bila balungi inaingia kwa wingi kwenye damu, kilichokuwa kinakatwa ni kidogo, na tafiti nyingi hazikuona mabadiliko ya maana, lakini karatasi za dawa za Uingereza bado zinakwambia usile. Kwa maoni yangu, kama unatumia amlodipine na ulikula kipande mahali, usikose usingizi, ila kulifanya la kila siku hapana. Wa pril, na wengi wa kundi la lol na dawa za kukojosha hizo za kawaida, balungi sio tatizo lao.

Usiishie kwenye dawa ya presha tu. Wengi wenye presha wanapewa na dawa ya kolesteroli, na simvastatin ni miongoni mwa zinazopandishwa vibaya sana na balungi, atorvastatin kwa kiasi chake. Ndugu zake balungi nao wamo, yaani pomelo na lile danzi, chungwa chungu linalotengenezewa jemu. Chungwa tamu la kawaida halimo kwenye kesi hii.

HATUA YA 5: Potasiamu, hapa ndo penye mzozo

Potasiamu peke yake ni rafiki wa mtu mwenye presha, inasaidia mwili kutoa chumvi kwa mkojo na inalegeza mishipa. Ule mpangilio wa kula unaoitwa DASH, uliochapishwa Marekani 1997, wenye matunda, mboga na maziwa yasiyo na mafuta mengi, ulishusha presha, na una potasiamu nyingi ndani yake. Kwa hiyo anayekwambia mwenye presha yeyote asiguse ndizi anakunyima kitu kizuri bure.

Tatizo linaanzia kwenye dawa. Pril na sartan zinapunguza homoni inayoitwa aldosteroni, ambayo kazi yake mojawapo ni kuzisukuma figo zitoe potasiamu. Spironolactone inaizuia homoni hiyo hiyo kwa njia nyingine. Figo zikiwa nzima zinajimudu, chakula cha kawaida hakileti shida, nasema tena, chakula cha kawaida, ndizi yako moja, viazi vyako, maharage yako, kula. Lakini figo zikiwa dhaifu, au ukiwa na dawa mbili za kubakiza potasiamu kwa pamoja, mlango wa kutokea umefungwa na wewe unaendelea kuingiza.

Ndizi moja ya wastani ina kama miligramu 420. Kiazi kimoja cha wastani kilichookwa na ganda lake kinaizidi mara mbili, ajabu ni kwamba ndizi ndo yenye sifa mbaya. Parachichi, maharage, spinachi, nyanya ya kopo, maji ya dafu na matunda yaliyokaushwa vyote vina nyingi. Kama daktari amekwambia upunguze, mboga na viazi vikatwe vipande vidogo, vichemshwe kwenye maji mengi na maji yamwagwe, potasiamu nyingi inaondoka na hayo maji. Kwa hiyo usigeuze ukayafanya supu.

Lakini mimi kinachonitisha kuliko ndizi zote ni chumvi mbadala. Ile kopo iliyoandikwa chumvi ya afya, au chumvi yenye sodiamu kidogo. Ndani yake sodiamu imeondolewa, yote au sehemu, ikawekwa kloridi ya potasiamu. Ile ya potasiamu tupu, robo ya kijiko cha chai tu inaweza kubeba miligramu 600 na zaidi, na mtu anainyunyiza kwenye kila mlo. Na si kwamba ni kitu kibaya, hapana. Huko China walijaribu chumvi iliyochanganywa robo yake potasiamu, kwenye vijiji 600 na watu karibu 21,000, na matokeo ya 2021 yalionyesha viharusi vimepungua kwa asilimia 14. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani likapendekeza watu wazima wanaotumia chumvi ya mezani wahamie kwenye ya aina hiyo. Ila pendekezo lenyewe linawaacha nje watoto, wajawazito, na watu wenye matatizo ya figo au hali nyingine zinazoathiri utoaji wa potasiamu. Sasa mtu wa pril, sartan au spironolactone asiinunue kabla hajapima potasiamu na kuongea na daktari. Soma nyuma ya kopo, ukiona neno potasiamu kwenye viungo, irudishe kwanza.

Na upande wa pili usisahaulike. Wa hydrochlorothiazide, chlorthalidone, indapamide au furosemide wanapoteza potasiamu kwa mkojo, hao matunda na mboga yanawafaa zaidi, na misuli ikianza kukaza usiku au mwili kukosa nguvu waombe kipimo, sio kujinunulia vidonge vya potasiamu. Vidonge vya potasiamu ni vya kuandikiwa na daktari.

HATUA YA 6: Chumvi, ile yenyewe

Hapa hakuna mjadala mrefu. Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, hiyo ni pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai, na inahesabu yote, ya kwenye sufuria, ya mezani, na ile iliyojificha kwenye mkate, vipande vya kuungia supu, sosi, soseji, samaki wa kopo na vitafunwa vya pakiti. Ukila chumvi nyingi dawa inakuwa inapigana na wewe, hasa pril, sartan na dawa za kukojosha, zinaondoa chumvi mchana wewe unairudisha jioni. Wapo wanaoongezewa dawa ya pili na ya tatu wakati kilichotakiwa kuguswa ni sufuria.

Lebo nyingi zinaandika sodiamu badala ya chumvi. Zidisha mara 2.5 upate chumvi, kwa hiyo pakiti yenye gramu 1 ya sodiamu ina chumvi gramu 2.5, umeshamaliza nusu ya siku.

Vitu viwili ambavyo hakuna anayevihesabu. Cha kwanza magadi ya kuokea, yale watu wanakoroga kwenye maji kutuliza kiungulia, kijiko kimoja cha chai kina sodiamu zaidi ya miligramu 1,200, na kikomo cha siku ni 2,000. Cha pili vidonge vya kuyeyusha kwenye maji vinavyotoa povu, vya maumivu au vitamini, paracetamol ya aina hiyo inaweza kuwa na sodiamu kama miligramu 400 kwa kidonge, ukinywa nane kwa siku umevuka kikomo kabla hujala kitu. Chukua kidonge cha kawaida cha kumeza.

Mzee anayetumia dawa ya kukojosha asikate chumvi mpaka ikawa sifuri huku anajilazimisha kunywa malita ya maji kwa sababu kaambiwa maji yanasafisha mwili. Sodiamu kwenye damu inaweza kushuka mpaka akaanza kuchanganyikiwa, na familia ikadhani ni uzee.

HATUA YA 7: Vinywaji

Kanuni rahisi, meza kwa maji. Sio juisi, sio chai, sio soda.

Juisi ya chungwa na ya tufaha zinapunguza atenolol, kwa sababu zinaziba njia ambazo dawa inapita kwenye utumbo kuingia kwenye damu. Aliskiren, dawa nyingine ya presha, inashuka sana kwa juisi za matunda, na mlo wenye mafuta mengi nao unaipunguza. Ni kinyume cha balungi na felodipine, hapa dawa inakuwa ndogo badala ya kubwa, na pia kinyume kwa muda, haya yanaisha baada ya saa chache, kwa hiyo kutenganisha dawa na juisi kwa saa 4 hivi kunasaidia.

Chai ya kijani na nadolol: Japani 2014 waliwapa watu 10 wenye afya chai ya kijani, kama mililita 700 kwa siku kwa wiki mbili, halafu nadolol, na dawa kwenye damu ikapungua kwa asilimia 85. Yaani karibu hawakumeza kitu. Ni watu wachache, ndio, lakini tofauti yenyewe ni kubwa mno kuipuuza.

Kahawa inapandisha presha kwa muda mfupi, zaidi kwa asiyeizoea. Kikombe kimoja viwili kwa aliyezoea mara nyingi si kesi. Isipokuwa usinywe ndani ya nusu saa kabla ya kupima.

Pombe inafanya mambo mawili yanayopingana. Saa chache za mwanzo inatanua mishipa, presha inashuka juu ya ile iliyoshushwa na dawa, ukisimama unaona giza, na hili ni baya zaidi kwa wa doxazosin au prazosin, dawa za presha zinazotanua mishipa. Ukinywa nyingi mara kwa mara inapandisha presha na dawa zinashindwa kazi. Na wa verapamil ajue kwamba dawa hiyo inachelewesha pombe kutoka mwilini, anakunywa kile kile cha siku zote lakini analewa zaidi.

HATUA YA 8: Likorisi, mitishamba na vidonge vya pembeni

Likorisi ni ule mzizi mtamu unaowekwa kwenye pipi nyeusi, kwenye chai nyingi za mitishamba na dawa za kikohozi za asili. Unafanya mwili ubakize chumvi na kutupa potasiamu, presha inapanda, na kwa mtu anayetumia dawa ya kukojosha potasiamu inaporomoka. Mwaka 2020 madaktari wa Massachusetts walichapisha kisa cha mwanaume wa miaka 54, alikuwa anakula mfuko mmoja na nusu wa pipi za likorisi kila siku kwa wiki kadhaa, potasiamu ikashuka, moyo ukavurugika mapigo, akafariki. Mamlaka ya dawa ya Marekani inaonya kwamba kwa mtu wa miaka 40 na zaidi, gramu 57 kwa siku kwa wiki mbili zinaweza kuvuruga mapigo. Kwa hiyo soma viungo vya hiyo chai ya "kusafisha kifua".

Chai ya rozela, juisi ya bitruti na vidonge vya kitunguu saumu, hivi vinaweza kushusha presha kidogo vyenyewe, ukiviongeza juu ya dozi kamili unaweza kupata kizunguzungu. Kitunguu saumu cha kwenye mboga hakina neno, naongelea vidonge na dozi za kila siku. Na zile dawa za asili za nguvu za kiume, kuwa mwangalifu mno, nyingine zimekamatwa zikiwa na sildenafil ndani bila kuandikwa, na hiyo inashusha presha.

Vidonge vya chuma (vya kuongeza damu) na methyldopa, dawa nyingine ya presha, havikai pamoja. Hili ni kwa wajawazito hasa, maana wengi wanapewa vyote viwili, na chuma kinapunguza sana methyldopa inayoingia mwilini. Vitenganishe, kimoja asubuhi kingine jioni, muulize mkunga akupangie. Kalsiamu na vitamini D pamoja na hydrochlorothiazide au ndugu zake vinaweza kupandisha kalsiamu kwenye damu, usijianzishie.

Ibuprofen na diclofenac sio chakula lakini zinamezwa kama karanga. Zinapandisha presha, zinadhoofisha dawa zako, na zikikutana na pril au sartan pamoja na dawa ya kukojosha, figo zinaweza kugoma. Kwa maumivu ya kawaida uliza kuhusu paracetamol kwanza.

HATUA YA 9: Badilisha kitu kimoja, halafu pima

Ukiamua kubadilisha mlo, usibadilishe vitano kwa siku moja. Punguza chumvi kwanza, au hamisha saa ya dawa kwanza, na upime wiki nzima. Kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kuipandanisha, mkono usawa wa moyo, pima mara mbili ukiacha dakika 1 katikati, asubuhi kabla ya dawa na jioni. Andika namba zote, hata zile usizozipenda. Kama unapata kizunguzungu, pima umekaa halafu pima tena ndani ya dakika 3 baada ya kusimama, namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, peleka hiyo taarifa kliniki.

Siku ya kutapika au kuharisha sana ni siku ya kupiga simu. Mwili ukikauka maji huku unaendelea na pril, sartan au dawa ya kukojosha, figo zinaweza kuumia, na mara nyingi daktari atakwambia usimamishe kwa muda mpaka uanze kula na kunywa vizuri. Yeye ndo aseme ni ipi na kwa siku ngapi.

HATUA YA 10: Usikilaumu chakula kwa kosa la dawa

Kikohozi kikavu kisichoisha kwa mtu wa pril, watu wanalaumu maji ya baridi miezi na miezi, kumbe ni dawa, na inabadilishwa tu. Miguu kuvimba kwa wa amlodipine mara nyingi nako ni dawa.

Na hili ndo la haraka kuliko yote: midomo, ulimi au uso ukivimba kwa mtu anayemeza pril, usikae kufikiria alikula samaki gani. Dawa hizi zinaweza kufanya hivyo hata baada ya miaka mingi ya kuzimeza bila shida, na ulimi ukivimba unaziba njia ya hewa. Hospitali sasa hivi, boksi la dawa mkononi, na kidonge kingine cha hiyo dawa kisimezwe. Hivyo hivyo kwa kuzimia, maumivu ya kifua, moyo kudunda ovyo, au mwili kuishiwa nguvu ghafla.

Kwa yasiyo ya haraka, nenda kwa mfamasia na ile karatasi yako ya majina, umuulize matatu tu: hii naimeza nimekula au sijala, nina dawa yoyote hapa inayobakiza potasiamu, na kuna tunda au kinywaji ambacho natakiwa nikiache. Akikujibu, andika jibu juu ya boksi lenyewe kwa kalamu.